O24: Historia ya sukari ya mimba katika karatasi mbili

Muhula uliopita mwalimu wetu wa historia alitupa kazi iliyoonekana nyepesi: kila kundi lilete hati moja kutoka nyumbani na kueleza ilikotoka. Wenzetu walileta pasipoti za zamani, cheti cha ndoa cha Unguja, na picha ya babu aliyesimama kwa maringo mbele ya gari lisilo lake. Sisi watatu tulileta hati mbili, zote za mama mmoja, ambaye ni mzazi wa mmoja wetu. Ametupa ruhusa ya kuandika, kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe na picha yake isitumike.

Hati ya kwanza ni kadi ya kliniki ya Tanga ya mwaka 2005. Imekunjwa mara nne na kona moja imeliwa na mende. Kwenye mstari wa mkojo, pale penye neno sukari, kuna alama ya kutoa kila mwezi. Mwisho wa kadi kuna uzito wa mtoto: kilo 4.6. Mtoto huyo ndiye mwenzetu. Mkunga alimpa mama hongera kwa kuzaa mtoto wa nguvu, na bibi akasema uji wa ulezi umefanya kazi yake.

Hati ya pili ni karatasi ya malipo ya kliniki ya hapa Marekani, ya mwanzoni mwa 2016, mama alipokuwa na mimba ya mdogo wake. Kati ya tarehe na dola kuna herufi na tarakimu zisizoelezwa popote: O24.419. Hiyo ya mwanzo ni herufi O, si sifuri. Sisi wenyewe tuliikosea wiki nzima, tukawa tunaitafuta kama 024 na kupata namba za simu.

Tulipoipata tuligundua kwamba msimbo huo una umri mrefu kuliko tulivyodhani, na kwamba ndani yake kuna mabishano ambayo hayajaisha.

Tuanze Berlin. Mwaka 1824 kijana aitwaye Heinrich Gottlieb Bennewitz alitoa tasnifu yake ya udaktari kuhusu mwanamke wa miaka 22 aliyekuwa na mimba ya tano. Mwanamke huyo alikuwa na kiu isiyokatika na mkojo mwingi wenye sukari. Mtoto alikuwa mkubwa mno na alikufa katika kuzaliwa. Baada ya kujifungua, sukari ilitoweka kwenye mkojo wa mama. Bennewitz akahitimisha kwamba kisukari kile kilikuwa dalili ya ujauzito wenyewe, kilichokuja nao na kuondoka nao. Wazo hilo la "kuondoka nao" tunaomba msomaji alishike, tutalihitaji baadaye.

Kwa karibu miaka mia moja baada yake, waganga hawakuwa na mengi ya kuandika zaidi ya misiba. Mwaka 1882 huko London, daktari J. Matthews Duncan alikusanya habari za mimba 22 za wanawake wenye kisukari, na habari zenyewe zilikuwa za watoto wengi waliokufa na mama kadhaa waliowafuata. Mwanamke mwenye kisukari kikali kwa kawaida hakuishi muda wa kutosha kushika mimba. Mambo yaligeuka Toronto mwaka 1922, insulini ilipotumika kwa mara ya kwanza kumtibu mgonjwa. Wasichana waliokuwa wakifa sasa walikua, wakaolewa, wakashika mimba, na hospitali zikapata aina ya mgonjwa ambayo hazikuwahi kuwa nayo. Huko Boston, daktari Priscilla White alifanya kazi na mama hao miaka mingi, na mwaka 1949 akatoa mpango wa kuwapanga kwa herufi, kuanzia A, kufuatana na umri ambao ugonjwa ulianza, muda uliodumu, na madhara uliyokwisha kuleta katika mishipa na viungo. Copenhagen, daktari Jørgen Pedersen alieleza kwa nini watoto wao huwa wakubwa: sukari ya mama huvuka kondo la nyuma, insulini yake haivuki, basi kongosho la mtoto hulazimika kutengeneza insulini nyingi, na insulini hiyo humnenepesha. Akishazaliwa, sukari ya mama inakatika ghafla lakini insulini bado ipo, na sukari ya mtoto huanguka. Mama yetu huyu anakumbuka kisigino cha mwanawe wa 2016 kikichomwa sindano tena na tena usiku wa kwanza. Hakuelezwa sababu. Alidhani ni desturi ya hapa.

Wakati madaktari wakihangaika na wagonjwa, watu wengine walikuwa wakihangaika na majina. William Farr, mtakwimu wa ofisi ya usajili wa vifo na vizazi Uingereza, alilalamika tangu 1839 kwamba ugonjwa mmoja huitwa kwa majina matatu au manne, na jina moja hubeba magonjwa mbalimbali, kwa hiyo kuhesabu ni kazi bure. Mwaka 1893 Mfaransa Jacques Bertillon aliwasilisha Chicago orodha ya sababu za vifo ambayo nchi zote zingeweza kuitumia. Mkutano wa kwanza wa kuirekebisha ulifanyika Paris mwaka 1900, na tangu hapo orodha imekuwa ikirekebishwa kila baada ya miaka kadhaa. Kumbuka kwamba ilikuwa orodha ya vifo tu. Mtu alihesabiwa akishakufa. Ni mwaka 1948, orodha ilipokabidhiwa kwa Shirika la Afya Duniani na kufikia toleo la sita, ndipo magonjwa ya walio hai yalipoingizwa rasmi.

Mwaka 1964, tena Boston, ndipo pale palipotufanya tuandike makala hii badala ya kuwasilisha kazi darasani na kusahau.

Daktari John O'Sullivan na mtakwimu Claire Mahan walichapisha matokeo ya wajawazito 752 walionyweshwa gramu 100 za glukosi na kupimwa damu mara nne: kabla ya kunywa, kisha saa ya kwanza, ya pili na ya tatu. Walitafuta wastani, wakapanda juu yake kwa kipimo cha kitakwimu, wakapata mpaka. Aliyevuka mpaka mara mbili au zaidi kati ya zile nne, huyo ana tatizo. Halafu wakaujaribu mpaka huo kwa kundi lingine la wanawake waliofuatiliwa hadi miaka 8, waone ni nani waliopata kisukari cha kudumu baadaye.

Ndivyo hivyo. Kipimo kilichokuja kutawala kliniki za Marekani kwa miongo mingi hakikuundwa kumtazama mtoto aliye tumboni. Kiliundwa kumtazama mama, tena mama wa miaka ijayo. Swali lake lilikuwa: nani kati ya hawa atakuwa na kisukari baada ya mimba hii kusahaulika? Mipaka imerekebishwa tangu hapo, kwa mfano mwaka 1979 na tena mwaka 1982, kwa sababu maabara zilibadili namna ya kupima damu. Lakini chimbuko ni hilo.

Sasa angalia orodha ya misimbo ilifanya nini na mama huyo. Kuanzia 1979 hospitali za Marekani zilitumia toleo la tisa, lililoongezewa maelezo kwa matumizi ya hapa. Humo mjamzito aliyekuwa tayari na kisukari alipewa 648.0. Aliyepata sukari ndani ya mimba alipewa 648.8, na kichwa cha msimbo huo hakikutaja kisukari kabisa. Kilisema hali isiyo ya kawaida ya mwili kuhimili glukosi. Yaani kwa lugha ya karatasi, alichokuwa nacho hakikuwa kisukari bali ni kasoro ya kupita. Bennewitz angefurahi. O'Sullivan na Mahan, tunadhani, wangekuna kichwa.

Tena misimbo haikubaki kuwa ya kuhesabia tu. Kuanzia Oktoba 1983, mpango wa bima ya serikali kwa wazee ulianza kulipa hospitali kufuatana na kundi la ugonjwa ambalo msimbo unamwingiza mgonjwa, na walipaji wengine wakafuata njia hiyo kwa namna zao. Tarakimu ikawa pesa. Hospitali zikaajiri watu wa kusoma mafaili siku nzima na kuyageuza kuwa tarakimu. Mmoja wetu anafanya kazi hiyo wikendi, ngazi ya chini kabisa, na ndiye aliyetueleza kanuni yake kuu: msimbaji haruhusiwi kukisia. Anaandika kile daktari alichoandika. Kama daktari hakuandika, anaweza kumpelekea swali na kungoja jibu, lakini kujaza mwenyewe hawezi, hata kama ukweli unamtazama usoni.

Toleo la kumi lilipitishwa mwaka 1990. Nchi nyingi zililichukua miaka ile ya tisini. Marekani ilivuta miguu hadi tarehe 1 Oktoba 2015. Ndani yake kisukari chote cha ujauzito kilikusanywa chini ya paa moja, O24. O24.0 ni mama aliyekuwa na kisukari cha aina ya kwanza kabla ya mimba, O24.1 ni wa aina ya pili, na O24.4 ni kile kilichoanza ndani ya mimba. Kwa hiyo kasoro ya kupita ikapewa jina la kisukari. Toleo la Marekani likaendelea kukata vipande: O24.41 ni wakati wa mimba, O24.42 ni wakati wa kujifungua, O24.43 ni baada ya kujifungua. Tarakimu ya mwisho husema sukari ilidhibitiwaje. 0 ni chakula, 4 ni insulini, na 5, iliyoongezwa Oktoba 2016, ni vidonge. Anayetumia chakula na insulini pamoja huandikwa insulini tu.

Na 9 ni: haikutajwa.

Mama huyu alijichoma insulini kila usiku kwa wiki tisa. Anakumbuka sindano zilikaa kwenye friji, nyuma ya maziwa, ili watoto wasizione. Karatasi yake inasema haikutajwa. Wala hapakuwa na mlango wa nyuma, kwa kuwa mwongozo unakataza kuongeza ule msimbo wa kawaida wa matumizi ya insulini, Z79.4, pamoja na familia ya O24.4. Tarakimu ya mwisho ndiyo nafasi pekee. Hatujui nani aliacha nini wapi, na hatumtuhumu mtu. Inatosha kwamba mahali fulani neno moja halikuandikwa, na msimbaji, kwa kutii kanuni, akaandika 9.

Hapa mwalimu wetu alituuliza swali la haki: kwani kuna madhara gani? Mtoto alizaliwa salama, bili ililipwa. Tukamjibu kwa kisa ambacho ni cha aibu kidogo kwetu.

Mama alipimwa tena wiki sita baada ya kujifungua, akaambiwa sukari iko sawa. Mwaka 2021 familia ikahamia mji mwingine na kliniki nyingine. Mwenzetu, akiwa na miaka 16, ndiye aliyekuwa mkalimani, kama wengi wenu mnaosoma gazeti hili mlivyowahi kuwa. Muuguzi akauliza kwa Kiingereza kama mama ana historia yoyote ya kisukari. Mwenzetu akatafsiri: "Mama, una kisukari?" Mama akajibu, "Hapana." Alisema kweli. Alichokuwa nacho kwa Kiswahili chake ni sukari ya mimba, na sukari ya mimba ilikuja, ikaisha. Kilichopotea njiani ni neno historia. Tena limepotezwa na mtu ambaye sasa anachukua shahada ya historia, jambo ambalo ndugu zake hawajaacha kumkumbusha.

Upo msimbo uliowekwa mahsusi kwa swali lile: Z86.32, aliyewahi kuwa na kisukari cha mimba. Ukiwepo katika faili, daktari yeyote anajua kwamba mtu huyu anapaswa kupimwa sukari kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, maisha yake yote. Utafiti uliojumlisha tafiti nyingi na kuchapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2009 ulionyesha kwamba mwanamke aliyepitia hali hii ana hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili takriban mara saba zaidi ya mwenzake. Msimbo huo haukuandikwa, kwa kuwa sisi tulisema hapana. Mama akagunduliwa na kisukari mwaka 2023, macho yalipoanza kumsumbua akidhani anahitaji miwani. Anatumia dawa, anaendelea vizuri, na hutucheka tukikaa kimya juu ya jambo hili.

Tuliuliza pia: na ile kadi ya Tanga? Alama zile za kutoa zilikuwa kweli? Zaweza kuwa kweli na bado zisiseme kitu. Sukari huonekana kwenye mkojo pale inapozidi sana katika damu, na wajawazito wengi wenye tatizo hawafiki huko. Upande wa pili, wapo wenye afya ambao figo zao huachilia sukari kidogo wakiwa na mimba. Mkojo ni shahidi dhaifu.

Lakini tusikimbilie kudhani kwamba nyumbani hakuna aliyetazama. Mwaka 1991 madaktari waliofanya kazi Tanzania, wakiwemo A. B. Swai na Donald McLarty, walichapisha utafiti wao wa wajawazito wa vijijini waliopimwa kwa kunyweshwa glukosi, na wakaona kwamba ujauzito haukuharibu uwezo wa miili yao kuhimili sukari. Mwaka 2014 A. W. Mwanri na wenzake walichapisha utafiti mwingine uliolinganisha mjini na kijijini. Mjini waliokutwa na sukari ya mimba walikuwa asilimia 8.4, kijijini asilimia 1.0. Kati ya tafiti hizo mbili watu wamehama, kazi za jembe zimepungua kwa wengi, soda imefika kila kona. Tofauti ile ya mjini na kijijini ndiyo safari ya mama huyu pia, kutoka kijiji cha Muheza hadi Tanga mjini hadi huku kwenye baridi.

Mpaka wenyewe nao haujatulia. Mwaka 2008 utafiti mkubwa ulioitwa HAPO, wenye wanawake zaidi ya 23,000 katika vituo 15, ulionyesha kwamba hatari kwa mtoto hupanda polepole pamoja na sukari ya mama, bila ngazi ya ghafla. Hakuna mahali ambapo maumbile yenyewe yameweka alama. Kati ya vituo hivyo 15 hakuna hata kimoja kilichokuwa barani Afrika. Kamati ya kimataifa ikakaa ikachagua mipaka mwaka 2010, na Shirika la Afya Duniani likaikubali mwaka 2013: 5.1 kabla ya kunywa glukosi, 10.0 baada ya saa moja, 8.5 baada ya saa mbili. Uingereza mwaka 2015 ikasema 5.6 na, baada ya saa mbili, 7.8. Madaktari wengi wa Marekani bado wanatumia njia ya hatua mbili inayotokana na ile ya Boston. Mchukue mwanamke ambaye asubuhi ana 5.2 na vipimo vingine vyote ni vya chini. Kwa Shirika la Afya Duniani anao. Kwa Uingereza hana. Kwa njia ya Boston hana. Akivuka bahari anapona bila dawa.

Kuna kipande kimoja cha O24 ambacho hakimo kabisa katika toleo la Marekani. Ni O24.2, kisukari cha mjamzito kinachohusishwa na utapiamlo. Aina hiyo ya kisukari ilitajwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1985 kwa ajili ya nchi za joto, ikaondolewa kwenye mpangilio wa shirika mwaka 1999, lakini toleo la kumi lilikuwa limeshachapishwa, basi namba ikabaki. Tulicheka tulipoiona. Ilikuwa kama jina la mpangaji aliyehama, likiwa bado mlangoni. Halafu mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likatambua kisukari kinachotokana na utapiamlo na kukipa jina la aina ya tano. Mpangaji karudi.

Toleo la kumi na moja, ambalo lilianza kutumika rasmi Januari 2022, linaiweka hali ya mama huyu chini ya JA63. Marekani bado iko kwenye O24, na kwa jinsi ilivyochukua muda mara iliyopita, huenda wadogo zetu ndio watakaoandika makala hiyo.

Jumamosi moja tulikwenda kumsomea mama haya yote, tukiwa tumezitandaza karatasi mbili mezani kati ya vikombe vya chai. Alisikiliza hadi mwisho. Hakuuliza kuhusu Boston wala Berlin. Aliichukua kadi ya Tanga, akaweka kidole kwenye kilo 4.6.

"Na hapa, wanangu, hapakuwa na namba ya kuandika?"

Ipo, tukamwambia. P08.0, mtoto mwenye uzito wa gramu 4,500 au zaidi. Mwaka 2005 ilikuwa tayari kitabuni. Kwenye kadi hapakuwa na nafasi yake. Mama akaomba kalamu.